Mgonjwa wa saratani anayetuaga: nani apime matunzo yake?

Ni familia chache katika miji yetu zisizokuwa na hadithi ya mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Ametoka hospitali na bahasha kubwa ya eksirei mkononi, na kabla hajapanda teksi daktari amemwita mkubwa wa familia pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba saratani imekwisha kuenea, hakuna tena cha kukata wala cha kuchoma kwa mionzi, na kwamba lililobaki ni "kumtunza tu".

Neno hilo "tu" ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Kumgeuza mtu mzima kitandani asipate vidonda vya kulala, kumtuliza maumivu saa nane za usiku, kumjibu anapouliza kama atapona, kuwatazama watoto wake wasiojua la kufanya. Kazi yote hiyo inaitwa "tu". Fundi cherehani akikushonea suruali, unaukagua mshono. Mwalimu ana mkaguzi wake. Kiwandani yupo mtu aliyewekwa mahsusi kutazama kama kitenge kimetoka na rangi yake sawasawa. Lakini siku za mwisho za binadamu mwenzetu zikitunzwa vibaya, ni nani anayejua? Ni nani aliyeandika mahali popote?

Najua wapo watakaoona kwamba swali hili halina adabu. Mtu akifariki twasema siku yake imefika. Tunazika, tunaanua matanga, na anayedadisi jinsi marehemu alivyokufa huonekana kama anatafuta mchawi. Naiheshimu mila hiyo, maana inawapumzisha waliofiwa. Lakini anayelipia kimya chetu si marehemu tena. Ni yule atakayelala juu ya kitanda kile kile mwezi ujao.

KUHESABU KUANZIA KABURINI

Wataalamu wa nchi zilizoendelea wamelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2003 daktari Craig Earle na wenzake nchini Marekani walitoa orodha ya alama za kutambulia kama wagonjwa wa saratani wanatunzwa vyema mwishoni mwa maisha yao. Utaratibu wao ni rahisi na, niseme kweli, ni wa kikarani. Hawamwulizi mtu. Wanachukua kumbukumbu za wagonjwa waliokwisha kufa, hasa hati za madai ya malipo ya matibabu, wanaitafuta tarehe ya kifo, kisha wanahesabu kurudi nyuma. Je, mgonjwa alipewa dawa kali za saratani katika siku 14 za mwisho? Je, katika mwezi wa mwisho alikimbizwa idara ya dharura zaidi ya mara moja, au aliingizwa chumba cha wagonjwa mahututi? Alifia wodini? Na kama alipelekwa hospisi, yaani kwa watu waliosomea kuwatunza wanaokaribia kufa, je, alifika zikiwa zimebaki siku chini ya tatu?

Hospitali ambayo majibu ya "ndiyo" yanazidi kuliko kwa wenzake hutiliwa shaka. Wazo lililomo ni kwamba katika nchi tajiri kosa la kawaida ni la kuzidisha. Dawa zipo, mashine zipo, bima inalipa, na daktari hapendi kuwa wa kwanza kusema imetosha. Basi mtu anakufa mirija ikiwa imemzunguka, na mkewe amekaa nje ya mlango wa kioo.

Na si uongo kwamba kuzidisha kuna hasara. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake, katika mji wa Boston, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa mwilini. Baadhi yao walipata matibabu ya kawaida peke yake. Wengine waliongezewa tangu mwanzo tiba shufaa, yaani matunzo yenye shabaha ya kutuliza maumivu na dhiki ya mgonjwa, si kuufukuza ugonjwa. Wale wa kundi la pili hawakuandamwa sana na matibabu makali mwishoni, na wachache zaidi kati yao walishikwa na majonzi mazito. Tena, jambo lililowashangaza wengi, waliishi zaidi: ukiwapanga kwa urefu wa maisha yao, yule wa katikati aliishi miezi 11.6, na mwenzake wa kundi la kwanza miezi 8.9.

Hata hivyo, hesabu ya kuanzia kaburini ina ila yake. Mwaka 2004 Peter Bach na wenzake walionya kwamba daktari aliyekuwa akimtibu mgonjwa siku ya kumi kabla ya kifo hakujua kwamba ni siku ya kumi. Sisi tunajua kwa sababu jalada limekwisha kufungwa. Aidha, ukiwatazama waliokufa peke yao, huwaoni wale waliopewa dawa ile ile kali wakapona wakarudi kazini. Onyo hilo ni zito, ingawa halifuti faida ya kuhesabu hospitali nzima kwa pamoja.

Sasa, msomaji, vichukue vipimo hivyo vya Marekani uvilete katika chumba cha kupanga, Temeke au Kibera. Mgonjwa wetu hakupewa dawa kali katika siku 14 za mwisho. Fedha zilikwisha miezi mitatu kabla. Hakukimbizwa idara ya dharura hata mara moja, kwa kuwa nauli ya teksi haikuwapo na ndani ya basi hakuweza kukaa. Chumba cha wagonjwa mahututi hakukiona. Alifia nyumbani, kati ya nduguze. Karani wa kule Marekani angeweka vyema katika kila mstari, akaandika chini yake kwamba huyu ametunzwa vizuri kabisa. Majirani waliokuwa wakimsikia usiku kupitia ukuta wa vyumba vyao wangekuwa na maoni mengine.

Basi kufia nyumbani si kipimo cha kutosha. Na wala si kwa maskini peke yao. Nchini Uingereza serikali iliwahi kuwapelekea waliofiwa barua zenye maswali kuhusu matunzo aliyopata marehemu wao katika miezi mitatu ya mwisho. Maswali hayo yaliulizwa nchini kote tangu 2011 hadi 2015. Waliojibu kwamba maumivu ya marehemu yalitulizwa kabisa wakati wote, kati ya waliotunzwa hospisi, walikuwa zaidi ya sita kwa kumi. Kwa waliotunzwa nyumbani hawakufika hata mmoja katika watano. Nyumbani ni pema, lakini nyumbani pasipo dawa wala muuguzi ni mahali pa kuteseka karibu na watu wanaokupenda.

VISANDUKU VYA LIVERPOOL

Kabla sijakirudisha kipimo hiki barani kwetu, sina budi kueleza kisa kimoja cha huko huko Uingereza, kwa sababu ndicho kinachonifanya niwaogope wapenzi wa fomu. Katika miaka ya 1990 waganga na wauguzi wa Liverpool walitengeneza utaratibu wa kuyachukua matunzo mazuri ya hospisi na kuyaingiza katika wodi za kawaida. Ulikuwa na karatasi ya kufuata: angalia mdomo wa mgonjwa usikauke, ondoa sindano zisizo na faida, zungumza na jamaa. Ni nani angeupinga? Ulisifiwa, ukaenezwa, na hospitali zikaanza kulipwa fedha za ziada kwa kuutumia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kujaza karatasi kukawa ndiyo kazi yenyewe. Jamaa walilalamika kwamba wagonjwa wao waliingizwa katika utaratibu huo bila wao kuambiwa, wengine wakilazwa kwa dawa za usingizi, na wengine wakinyimwa hata maji waliyoyaomba. Serikali iliunda kamati chini ya Julia Neuberger, na baada ya taarifa yake ya Julai 2013 iliamuliwa utaratibu huo uondolewe. Utaratibu ulioanzishwa kwa huruma ulikufa kwa sababu visanduku vilitiwa alama na mtu aliyesimama kando ya kitanda, na yule aliyelala juu yake hakuulizwa.

VIDOLE VITANO

Na yeye aulizwe, basi. Lakini aulizweje mtu aliyechoka, pengine asiyesoma, asiyeweza kushika kalamu?

Mwaka 2004 wataalamu wa tiba shufaa kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Arusha na kuunda rasmi chama chao cha bara zima, ambacho makao yake yako Kampala. Chama hicho, kwa kushirikiana na wataalamu wa King's College ya London, kilitunga kipimo kinachofaa mazingira yetu. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2007, na taarifa ya kukihakiki ikafuata mwaka 2010. Maswali yake ni kumi tu: saba ya mgonjwa, matatu ya yule anayemuuguza. Yote yanauliza juu ya siku tatu zilizopita, maana mgonjwa wa namna hii hali yake hubadilika upesi, na kumwuliza habari za mwezi uliopita ni kumchosha bure. Kila jibu hupewa namba, kuanzia 0 hadi 5, na namba hizo mgonjwa anaweza kuzionyesha kwa mkono wake. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri. Vidole vyote vikikunjuliwa ni tano.

Nitunge mfano, msomaji, ili uone jinsi jambo hili linavyokwenda. Tuseme yupo mama wa miaka hamsini na ushei, muuza maandazi, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, maradhi yanayowaua wanawake wengi wa Afrika Mashariki. Muuguzi amemtembelea nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo juu ya sanduku."

"Mama, kwa siku tatu hizi maumivu yamekuwaje? Kama hukuumwa kabisa, fumba mkono. Kama yamekushinda kabisa, fungua vidole vyote."

Mama anafungua vidole vinne. Muuguzi anaandika 4. Anauliza juu ya taabu nyingine, kichefuchefu, kukosa usingizi, harufu ya uchafu unaomtoka, jambo ambalo mama hakuwahi kumtajia mtu kwa haya: vitatu. Wasiwasi juu ya ugonjwa: vyote vitano. Kisha maswali yanageuka. Je, umeweza kumweleza ndugu au rafiki yale yaliyomo moyoni mwako? Hapa ngumi ndiyo jibu baya na mkono uliokunjuliwa ndio mzuri, na muuguzi asipokuwa mwangalifu atayachanganya. Mama anafumba ngumi. Je, umeona kwamba maisha yako bado yana thamani? Je, umekuwa na amani? Je, umepata msaada wa kutosha wa kupanga mambo ya mbele? Anaonyesha kidole kimoja, viwili, kisha ngumi tena.

Binti yake, aliyeacha kibarua chake ili amuuguze, anaulizwa matatu yake: amepata maelezo kiasi gani, ana uhakika kiasi gani wa kuweza kumtunza mama, na ana wasiwasi kiasi gani juu yake. Kazi imekwisha.

Tazama yaliyojitokeza katika muda mfupi huo. Jalada la hospitali lilisema saratani ya daraja fulani, mionzi mara kadhaa, ameruhusiwa. Mkono wa mama umesema kwamba anaumwa, ananuka na anaona haya, anajua kwamba atakufa na hana wa kumwambia. Na mkono mmoja ukimfaa mgonjwa mmoja, mikono mingi iliyoandikwa daftarini huufaa mji mzima. Tuseme wagonjwa wengi wa eneo moja wanafungua vidole vinne alfajiri na viwili jioni. Yupo mtu asiyewapa dawa usiku, au aliyewaelekeza alikosea. Kosa kama hilo hata shahada kumi za udaktari hazitalifichua, wala kwa kumwangalia mgonjwa mmoja huwezi kuliona.

KIKOMBE CHA MOFINI

Lakini kumwuliza mtu kila siku kama anaumwa, kisha kumwachia maumivu yake, ni ukatili mkubwa kuliko kutomwuliza. Kipimo bila dawa ni dhihaka.

Dawa ya maumivu makali ya saratani inajulikana tangu zamani. Bibi Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, aliwafundisha madaktari kuitoa mofini kwa mdomo na kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa apige kelele. Katika ukanda wetu daktari Anne Merriman alianzisha mwaka 1993 hospisi mjini Kampala, akatumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ambayo ni ya bei nafuu na ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake. Uganda ilipiga hatua nyingine mwaka 2004 ilipowaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa sababu kumngoja daktari katika vijiji vingi ni kungojea mauti. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyofanywa taasisi ya kujitegemea mwaka 1996, ndiyo ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiitengeneza mofini ya maji na kuzigawia hospitali nyingine.

Mofini hiyo hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne, na kipimo cha wakati wa kulala huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi. Karibu kila anayeinywa hufunga choo, kwa hiyo apewe pamoja nayo dawa ya kulainisha. Ukitaka kuujua haraka ubora wa kituo chochote, uliza kama chupa ya pili imetoka pamoja na ya kwanza. Kuhusu hofu ya kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa, au kwamba mofini humwua upesi, wataalamu wanatuambia kwamba ikitolewa kwa kiasi kinacholingana na maumivu na kuongezwa polepole, haifanyi hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioogopa. Wengi wetu bado tunadhani chupa ya mofini ni hati ya kifo, na mgonjwa hulipia dhana yetu kwa usiku wake.

Hofu hiyo haiko kwetu tu. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Isome tena namba hiyo, msomaji. Wakulima hulima, viwanda vipo, dawa yenyewe haina hakimiliki ya mtu, lakini sheria zilizotungwa kuwazuia wahuni zimemzuia pia mama muuza maandazi.

Ndiyo maana nchi zikipangwa kwa ubora wa kifo, kama jarida la Economist lilivyofanya kupitia kitengo chake cha uchunguzi mwaka 2010 na 2015, Uingereza imeongoza mara zote mbili. Lakini Uganda, iliyokuwa karibu na mkia katika orodha ya kwanza ya nchi 40, ilikuwa ya 35 kati ya nchi 80 mwaka 2015, ikiziacha nyuma nchi zenye mali nyingi kuliko yake. Orodha za namna hii sizipendi sana. Zinapima sera na idadi ya wataalamu zaidi ya zinavyopima usiku wa mgonjwa. Hata hivyo zinaonyesha kwamba mfuko mtupu si udhuru wa kila jambo.

DAFTARI LA MADAHA

Wewe unayemuuguza mtu wako leo huna haja ya kungoja tume. Nunua daftari la shule. Asubuhi na jioni mwombe mgonjwa akuonyeshe kwa mkono jinsi anavyoumwa, andika namba na saa aliyokunywa dawa. Siku ya kliniki usimwambie daktari kwamba "anaumwa sana", maneno anayoyasikia mara mia kwa siku, mfungulie ukurasa. Na kabla hujakubali kumchukua mgonjwa kutoka wodini, uliza ni dawa gani ya maumivu unayoondoka nayo, itakwisha lini, itapatikana wapi ikiisha, na ni muuguzi gani utakayempigia simu maumivu yakizidi usiku. Uliza kwa heshima, lakini usiondoke bila majibu. Huombi hisani.

Nirudi kwa mama yetu wa mfano, ambaye binti yake, tumwite Madaha, amenunua daftari lake. Juma la kwanza la mofini vidole vinne vimekuwa viwili, kisha kimoja. Harufu imepungua kwa dawa ya kuoshea na unga wa vidonge vilivyosagwa. Usingizi umerudi. Mtu wa haraka angeandika kwamba kazi imefanikiwa. Lakini kila muuguzi anapofika kwenye swali la nne, kama mama amemweleza mtu yaliyomo moyoni, mkono unabaki umefumbwa, na Madaha, aliyeketi mlangoni akimenya viazi, anajifanya hasikii. Kumbe kila mmoja anamficha mwenzake. Mama hataki kumwambia binti kwamba anajua. Binti hataki mama ajue kwamba ameambiwa.

Safari hii muuguzi haendelei na swali la tano. Anaufunga ukurasa, anamwomba Madaha aache viazi, asogeze kigoda karibu na kitanda.

"Mama," anasema, "huyu ni mtu mzima sasa. Kuna jambo ungependa alijue?"

Mama anatazama dari kwa muda. Kisha anamwambia binti yake mahali ilipo hati ya kiwanja, nani anamdai, na kwamba gauni la kijani asipewe mtu ila shangazi yake wa Tanga.